Namba Moja wa Futi Sita

Nina urefu wa futi sita na inchi moja, na tangu kidato cha kwanza sijaulizwa ninataka kucheza wapi. Kocha Munyao hupanga timu ya mpira wa kikapu kwa kutupima. Kila Januari tunavua viatu, tunasimama tukigusa ukuta wa stoo ya michezo, naye anachora mstari wa makaa juu ya kichwa cha kila mtu. Mfupi kuliko wote anapewa jezi namba moja, mrefu kuliko wote namba tano. Kazi ya ukocha imeisha, anaenda kunywa chai.

Ndiyo maana Tracy, anayenifika kwapani, ni namba moja, wa kupandisha mpira na kuamua nani apewe. Mimi ni wa kusukumana chini ya ringi, nikidaka mipira iliyokosa na kuwarudishia wenye akili. Tracy mwenyewe anaichukia kazi hiyo. Akikabwa na wawili ananyang'anywa mpira, lakini mwache pembeni arushe kutoka mbali, hakosi. Mimi nilijifunza kudunda mpira kwetu Mitaboni, kwenye njia ya mawe, mahali mpira unaruka unakotaka wenyewe. Ukiuweza pale, sakafu ya simiti ni starehe.

Mwaka huu chuo kimoja cha Athi River kilitangaza nafasi ya kusoma bila karo, kwa msichana anayecheza namba moja. Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu. Mama analima mahindi na mbaazi, na mvua imetukataa misimu miwili. Bila nafasi hiyo masomo yangu yangeishia kidato cha nne. Kocha wa chuo, Madam Farhia, angekuja kutazama fainali yetu ya kaunti, kwa hiyo nilimwomba Kocha Munyao anijaribu.

"Kavindu, wewe ni mrefu," akasema. "Mrefu anakaa chini ya ringi. Hii maneno ya namba moja tuachane nayo."

"Lakini kocha, urefu sio kazi."

"Sasa umeanza kunifunza?"

Nilikasirika, na sioni haya kusema hivyo. Nikamweleza Tracy nilichopanga, naye akacheka kwa raha. "Chukua tu. Mimi nitaenda kwa kona."

Robo ya pili ya fainali, nikadaka mpira chini ya ringi yetu na badala ya kumpa Tracy nikaupandisha mwenyewe. Kocha akasimama. "Kavindu, toa mpira." Sikutoa. Wawili wakanijia, nami nikaona uwanja mzima juu ya vichwa vyao. Nikampasia Tracy kwenye kona, akafunga. Nikarudia, akafunga tena. Mara ya tatu wakamkimbilia Tracy, nikampa mwenzetu Wayua chini ya ringi, naye akafunga. Hapo Kocha akanitoa. Nilikaa benchi mpaka tukashindwa kwa pointi kumi na moja.

Mchezo ulipokwisha Madam Farhia alikuja kwetu. "Huyu anacheza namba gani?"

"Tano," Kocha akajibu.

"Moja," nikasema.

Kocha alinikazia macho. Madam Farhia hakubishana na yeyote. "Tano niko nao watatu. Majaribio ya namba moja ni Jumamosi asubuhi. Kila msichana aje na barua ya kocha wake, na namba yake iandikwe."

Ijumaa Kocha alinipa barua iliyofungwa. Niliifungua mbele yake. Alikuwa ameandika namba tano. Nikairudisha mezani.

"Bila hiyo hawatakusikiza," akasema. "Na ukienda, kwa timu yangu usirudi."

"Sawa, kocha."

Jumamosi nilikuta wasichana kumi na wawili uwanjani, hakuna aliyenifika begani. Mmoja aliniuliza kama nimeitwa kubadilisha balbu. Walitoa barua zao mmoja mmoja, mpaka zamu yangu ikafika.

"Yako iko wapi?" Madam Farhia akauliza.

"Sina. Ilikuwa na uongo, nikaiacha."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, na hiyo si safari fupi. "Sasa mimi nitajuaje unacheza wapi?"

Nikanyoosha mkono.

"Nipe mpira. Halafu uniletee wawili wa kunikaba, wale wako wakali."