Aliyeongeza Milango

Tangu programu mpya ya mizani iwekwe kwenye banda la mishiri, maharagwe mabichi ya kuuzwa nje, la Reema pale Kagio, stika za kreti zilitoka kwa kusuasua, na lawama yote ilimwangukia Ngendo. Yeye ndiye aliyepima, yeye ndiye aliyebonyeza. Kinuthia, msimamizi, alikwisha kukata shauri: Jumatatu Ngendo arudi kwenye meza ya kuchambua, mizani ishikwe na mtu aliyesoma.

"Kompyuta si jembe," alimwambia mbele ya watu. "Haitaki nguvu."

Ngendo aliendelea kupima. Shule aliiachia darasa la nane, macho hakuyaachia huko. Siku tisa alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Stika ikiitwa kutoka ndani ya programu ya mizani, anafika mia na ishirini kabla haijatoka. Akiifungua ile programu ya zamani ya stika peke yake, hafiki hata tatu. Kidole ni kile kile.

Ijumaa akaja Griffins kutoka Nyeri, kijana aliyeunda programu ya mizani. Hata hajakaa, akauliza ni nani anayebonyeza mara mbili na kuichelewesha stika. Kinuthia akamwonyesha kwa kidevu.

"Bonyeza wewe, injinia," Ngendo alisema. "Kidole yangu nimeweka mfukoni."

Griffins akabonyeza. Ngendo akaanza kuhesabu kwa sauti, wachambuzi wakadakia, na kufikia mia banda zima lilikuwa likihesabu. Mia na kumi na tisa, stika ikachungulia. Ngendo akamwomba sasa afungue ile ya zamani peke yake. Hawakumaliza kusema mbili.

Kijana akainamia kompyuta nusu saa nzima. Alipoinuka alimweleza Reema, mwenye banda, aliyekuwa amekuja kutazama, kwamba programu yake hutumia maktaba, yaani vipande vya kazi vilivyoandikwa na watu wengine. Kimoja kikiamka tu, kinapandisha chenyewe kikomo cha faili zinazoweza kufunguliwa, kutoka elfu moja hadi bilioni. Programu ya stika ikiitwa na ya mizani hurithi kikomo hicho, nayo ina desturi ya kizee: kabla ya kazi hupita kufunga kila mlango wa faili hadi wa mwisho, sasa wa bilioni, hata ambao haukufunguliwa na mtu.

"Waliandika hivyo kusaidia," alitetea. "Programu kubwa ikikosa nafasi inaanguka. Makosa ni ya hii mzee ya stika."

Reema akamgeukia Ngendo, akamruka Kinuthia. "Wewe unaonaje?"

"Mama, ukiniandika kupika, naweza kuona jikoni ni ndogo. Nitakuambia. Siwezi kubomoa ukuta ukiwa umeenda Kerugoya. Hiyo mzee ya stika ilikuwa hapa kabla ya hicho kipande. Kikomo ni ya mwenye mashine. Anayetaka ingine, aombe."

Griffins alirudi kwenye kibodi. Kisha akakizima kile kipande, akaandika kikomo mahali ambapo Reema mwenyewe angekiona na kukibadilisha akitaka. Akampisha Ngendo kwenye kiti.

Ngendo akabonyeza. Stika ikatoka kabla hajainua kidole.

Reema alisema maneno machache tu: mizani ni ya Ngendo, na programu yoyote mpya itajaribiwa naye kwanza. Wanawake wa mezani wakampigia ngemi, vile vigelegele vya kumpokea mtoto mchanga, moja hadi tano. Kinuthia akanung'unika kwamba tano ni za mtoto wa kiume, msichana ni tatu. Wakamwongezea Ngendo ya sita.

"Kreti," Ngendo alisema, na Kinuthia akainama kuibeba.