Mabega ya Chiriku

Godoro ni kitu kinachojiuza chenyewe, mtu yeyote aliyechoka anajua hivyo, lakini mwenye duka alikuwa na imani yake. Aliamini godoro halitoki mpaka lipigiwe kelele. Kwa hiyo kila asubuhi Chiriku alisimama mlangoni na kipaza sauti mkononi, akiwaambia wapita njia kuwa inchi sita zipo, inchi nane zipo, inchi kumi zipo, karibuni ndani, kujaribu ni bure. Sauti yake ilikuwa nene na ya mikwaruzo. Kwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, hakuna aliyeishangaa.

Walioshangaa ni waliomtambua. Mara mbili tatu kwa wiki mama fulani wa rika lake alisimama, akamkodolea macho, akashika kifua. "Si wewe Chiriku? Yule Chiriku? Mungu wangu, picha yako nilikuwa naificha ndani ya daftari la hesabu!" Halafu ombi lile lile: "Hebu fanya kile kicheko."

Katikati ya ubeti wa pili wa "Dawati la Nyuma", wimbo uliompa umaarufu, kuna kicheko kidogo cha ghafla, kama cha mtu aliyetekenywa. Wasichana walikuwa wanazimia kwa kicheko kile. Chiriku alikifanya pale mlangoni kwa sauti yake ya magodoro, mama akatabasamu kwa adabu, akaenda zake bila kununua hata mto.

Niseme ukweli mapema, maana sipendi hadithi inayomficha msomaji jambo ambalo wahusika wenyewe wanalijua. Kicheko kile hakikuwa cha Chiriku. Wala wimbo haukuwa wake.

Sauti alikuwa nayo, hilo tusimnyime. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliimba mara moja redioni, watu wakaacha walichokuwa wanafanya. Akapewa jina la ndege, akashonewa koti jeupe. Mwaka uliofuata akaamka asubuhi moja, akafungua mdomo kuomba chai, ikatoka sauti ya mzee. Balehe haina adabu, haisomi mkataba. Mama yake, aliyekuwa meneja, mshonaji wa makoti na mlinzi wa mlango, hakulia. Alimgeukia binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa anaosha vyombo huku akiimba wimbo wa kaka yake neno kwa neno, kwa sauti ile ile iliyopotea. Damu moja, koo moja.

"Wewe," mama alisema, "acha vyombo."

Ikawa hivyo kwa miaka mitatu na albamu mbili. Studioni mdogo mtu aliimba, na Chiriku alisimama nje ya kioo akijifunza kufungua mdomo panapostahili. Kicheko kilitoka siku nzi alipomwingia Chiriku kinywani, mdogo wake akamwona kupitia kioo akacheka katikati ya ubeti. Fundi mitambo akakipenda, akakiacha. Jukwaani mama alitoa betri kwenye kipaza sauti cha mwanawe, akazifunga kwenye leso, akaitia mkobani. Nyuma ya pazia, juu ya kigoda, mdogo mtu alikaa na kipaza sauti kizima, akichungulia kwenye tundu. Kwa kuwa alimwona kaka yake mgongo tu, walikubaliana ishara: Chiriku akiinua mabega kuvuta pumzi, yeye anaingia. Hawakukosea hata siku moja. Ilifika mahali hata mezani, Chiriku akiinua mabega apige chafya, mdogo wake anafungua mdomo kuimba, na wote watatu wanacheka mpaka machozi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Huyu hakukamatwa, alizeeka tu. Ndevu zilimwota, koti likambana, wasichana wakaolewa na watu wengine. Mama alikufa na siri yake. Chiriku alioa, akanywa, akaacha pombe, akairudia, akaachwa. Mkewe alisema neno moja tu siku anafunga mizigo: "Miaka sita nimekaa na mwimbaji, sijamsikia akiimba hata bafuni." Mdogo wake akawa mshonaji wa sare za shule, kola hamsini kwa siku, na hakuna mwenzake karakana nzima aliyejua kuwa anaweza kuimba.

Kisha wiki moja ikaleta mambo mawili.

La kwanza lilikuwa simu kutoka televisheni. Kulikuwa na kipindi cha Jumapili alasiri kilichowarudisha nyota waliosahaulika, matangazo ya moja kwa moja, ukumbi umejaa watu. Mtayarishaji wake, mwanamke mwenye miwani kichwani na haraka mwilini, alimpokea Chiriku ofisini kama mtu aliyefufuka.

"Hatutaki uimbe kweli, kaka. Usihofu," alisema. "Tunaweka rekodi, wewe unafuatisha midomo. Watu wanataka ile sauti ya utoto."

"Hilo naliweza," alisema Chiriku. Hakusema uongo.

"Na kuna jingine. Tunaanzisha mashindano ya watoto, tunatafuta jaji. Wakikupokea vizuri Jumapili, kiti ni chako."

Chiriku alitoka pale miguu haigusi sakafu. Kiti! Alijiona amekaa, taa zikimmulika, hakuna anayemuuliza bei ya inchi nane. Alikwenda moja kwa moja karakana ya sare kumwambia mdogo wake, na huko ndiko alikolikuta jambo la pili.

Mdogo mtu alizima cherehani. Kwa miezi sauti yake ilikuwa imekauka, akisingizia vumbi la vitambaa. "Jumatano ijayo naingia chumba cha upasuaji," alisema. "Ni uvimbe mbaya kooni. Wanatoa kisanduku cha sauti."

"Chote?"

"Kaka, si kitambaa hiki, eti wakate nusu wabakize nusu."

Chiriku alikaa juu ya marundo ya sketi. Moyo ulimuuma kweli, hilo nalo tusimnyime.

"Nina ombi," alisema mdogo mtu. "Moja tu, tangu tuzaliwe. Hiyo Jumapili, kabla hawajaweka rekodi, waambie. Niite, nisimame, niimbe ubeti mmoja. Ubeti mmoja bado ninao, nimejipima. Watu wajue, halafu madaktari wachukue."

"Nitasema. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama muache. Yeye ndiye aliyekuwa anatoa betri."

Walicheka wote wawili, na kicheko chake, hata na koo lile bovu, kilikuwa kile kile. Kisha akafungua mkanda wake wa kupimia, akampima kaka yake mabega. Alisema atamshonea koti jeupe jipya, asiende kuonekana na lile la utoto limekaa kama kisibau.

Kuanzia siku ile mdogo mtu hakusema tena. Siku nne nzima aliitunza sauti yake. Karakana walipomuuliza jambo aliandika kwa chaki ya kushonea kwenye vipande vya kitambaa cha buluu: "Ndiyo." "Uzi umeisha." "Koo tu, nitapona." Wenzake wakamtania kuwa ameweka nadhiri, naye akatikisa kichwa na kuendelea na kola zake.

Jumapili walimkalisha safu ya tatu, kando ya mama mmoja mnene aliyevaa gauni la kijani na kuja na mabinti zake wakubwa. Chiriku alipanda jukwaani na koti lake jipya, likamkaa sawasawa, na ukumbi ukalipuka. Wanawake wazima walipiga vigelegele. Mmoja alilia. Mtangazaji alimuuliza haya na yale, akamsifia koti, kisha akasema, "Chiriku, una neno kabla ya wimbo?"

Neno alikuwa nalo. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo: Sauti mnayoipenda si yangu, ni ya mdogo wangu, yule pale. Sentensi moja, hata mtoto angeiweza. Alimtazama safu ya tatu. Mdogo wake alikuwa ameshaweka sawa gauni lake, mkono mmoja shingoni, tayari kusimama. Pembeni mwa jukwaa mtayarishaji alimwinulia kidole gumba.

"Nawapenda wote," alisema Chiriku.

Alijiambia: baada ya wimbo. Wimbo kwanza, wachangamke, halafu niseme. Mwoga hakosi ratiba. Muziki ulianza, mabega yake yakainuka yenyewe kama yalivyoinuka miaka ile yote, rekodi ikaingia, na sauti ya mtoto ikajaa ukumbini. Kwa wimbo mzima alitazama taa. Ilipofika mahali pa kicheko, watu wote walicheka pamoja, mamia ya watu kicheko kimoja, naye alifungua mdomo kama kawaida. Wimbo ulipokwisha walisimama kumpigia makofi, na kabla makofi hayajatulia yakawekwa matangazo ya sabuni. Nyuma ya jukwaa mtayarishaji alimkumbatia. "Kiti ni chako," alisema, akamwonyesha pa kutia saini. Chiriku alipotoka nje kumtafuta mdogo wake, alikuwa ameondoka. Hakumfuata nyumbani. Siku ya upasuaji alituma ujumbe kuwa mwenye duka amemkatalia ruhusa.

Ijumaa ndipo alipokwenda hospitali. Muuguzi wa zamu alimtambua tangu mwanzo wa korido, kabla hajafika. "Jamani, Chiriku! Tulikuona! Kumbe mgonjwa wetu ana kaka maarufu, na wala hakutuambia."

"Hasemi sana," alisema Chiriku, kisha akasikia alichokisema, akaona aibu ikimchoma mpaka masikioni.

Mdogo mtu alikuwa ameegemezwa mito miwili. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji, na katikati ya bandeji kulikuwa na kitundu chenye mrija mfupi, ambamo pumzi yake ilipita ikikoroma. Mapajani alikuwa na chaki yake na vitambaa vyake vya buluu. Alimtazama kaka yake bila hasira. Hasira ingemsaidia Chiriku.

"Nilitaka kusema baada ya wimbo," alianza. "Wakaweka matangazo. Unajua mambo ya televisheni." Chiriku akaongeza, na hapa nashindwa kumtetea, "Na wewe ungesimama tu. Umeitunza sauti siku nne, ungesimama ukaimba. Nani angekuzuia?"

Mdogo mtu alichukua chaki. Aliandika polepole, akageuza kitambaa asome.

"Niliimba."

"Uliimba lini?"

Akachukua kitambaa kingine. "Uliinua mabega."

Chiriku alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mdogo wake aliandika tena, safari hii kwa muda mrefu, chaki ikikatika mara moja, na kitambaa kikajaa mpaka pindoni.

"Sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikaimba mpaka sauti ikaisha. Rekodi ilikuwa juu. Mama wa kijani akanigusa mkono, akasema, nyamaza dada, tumsikie Chiriku."

Chiriku alikisoma mara tatu. Muuguzi alipita na toroli la dawa, akawatabasamia ndugu wawili waliokaa pamoja. Chiriku alitaka kuomba msamaha. Alitaka kusema kwamba Jumatatu atakwenda kwa mtayarishaji, atakirudisha kile kiti, atasema kila kitu, na pengine kwa dakika ile alimaanisha. Akavuta pumzi ndefu aanze.

Mabega yake yakainuka. Na pale juu ya mito, mdogo wake akafungua mdomo. Pumzi ikapita shingoni, kwenye mrija, na hakuna sauti iliyotoka.