Sampuli Namba Kumi na Nne

Jumanne, saa nne asubuhi, Josephina alichota lita moja ya maji kwenye kijito kilicho juu ya Matombo, akafunga chupa na kubandika lebo: Sampuli 14. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili, akitafiti viumbe wa vijito vya Uluguru. Kibali alikuwa nacho, kimepigwa muhuri na Mzee Pazi, mwenyekiti wa kitongoji.

Kibali kilikuwa safi, ila Pazi alifika pale kwa kuoa. Milimani ardhi hufuata ukoo wa mama, na chemchemi ya kijito kile ilikuwa ya kina Sabra, mama mkulima wa pale. Angeulizwa Sabra, angemwambia mgeni arudishe kijitoni kata ya kwanza ya maji, ili maji yajue pa kubaki. Hakuulizwa. Basi kijito chote kikaondoka na Josephina kwenye gari la utafiti, na jioni kilikuwa kimetulia ndani ya chupa, maabara, Morogoro mjini.

Josephina alimimina kutoka humo ndoo tatu za maji, chupa haikupungua. Akaandika hivyo kwenye daftari.

Alhamisi Sabra aliteremka kwenye lori la ndizi, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata maji yangu."

Josephina alimjazia. Wiki iliyofuata walikuja wanawake kumi na wawili. Mlinzi aliwaandikisha kwenye kitabu cha wageni, na uongozi ukawapangia Jumatatu na Alhamisi.

Josephina alitaka kuirudisha chupa. Msimamizi wake, Dkt. Erick, mtu mpole tu, alimweleza kwamba sampuli haitoki kabla makala haijachapishwa. Makala ilipochapishwa, akamweleza kwamba sasa sampuli ni ushahidi, na ushahidi hutunzwa. Wasomi hawakosi sababu.

Siku hiyo Sabra aliomba asomewe makala hiyo.

"Inasema kijito kimekaushwa na shughuli za kibinadamu kandokando ya maji," alisema Josephina.

"Binadamu gani?"

"Wewe, mama. Migomba yako."

Sabra alikaa kwenye kiti cha maabara. Migomba ile ilipandwa na bibi yake, na hakuwa na shamba jingine. Iliuma, na inauma hata kuisimulia: mtu akubebee maji yako, kisha akuandike wewe ndiye uliyeyamaliza.

"Jaza ndoo," alisema, "nisije nikaachwa na lori."

Mwezi uliofuata afisa mazingira alipanda Matombo na futi kamba na kopo la rangi nyekundu. Alipima mita sitini kutoka kwenye mkondo mkavu, kama sheria inavyotaka, na shamba lote la Sabra likaangukia ndani. Akampa siku kumi na nne kuondoka. Akaanza kupaka alama mgomba mmoja mmoja. Jua lilikuwa kali, akaomba maji ya kunywa.

Sabra alimchotea kwenye ndoo.

Afisa alikunywa, akaomba tena, akasema maji ya mlimani hayana mfano. Kisha akarudisha kikombe kwa adabu, akashika brashi na kuendelea na migomba iliyobaki.