Mkebe Uliochemka Bila Moto

Ssss. Sauti ndogo ilitoka jikoni kabla ya adhana ya alfajiri, kama chai inayokaribia kuchemka. Niligusa jiko. Lilikuwa baridi. Sauti ilitoka ndani ya mkebe wangu wa maziwa.

Nilidhani ni masalio ya maziwa yaliyochacha. Nikawasha kijinga cha moto nje, nikarudi nacho kikiwaka ncha. Kila alfajiri huutia mkebe moto, nikaufunika ushibe moshi, ili maziwa ya ngamia yakija yasiharibike. Mama yangu alifanya hivyo kule Griftu kwa vyombo vya kusukwa; mimi hapa mtaani Iftin nafanya kwa mkebe wa alumini. Mkono wangu unaijua kazi hiyo hata gizani.

Nilifungua kifuniko. Mvuke wa moto ukanigusa kidevu.

"Ayeeyo, hapana! Usitie moto!"

Mjukuu wangu Idil, anayeniita ayeeyo, yaani bibi, alikuwa mlangoni, maji ya udhu yakimchuruzika mikononi. Alijitupa kati yangu na mkebe, akausukuma kwa kiwiko. Ukapinduka, na kilichokuwa ndani kikamrukia usoni.

Sijawahi kusikia mtoto akilia vile.

Ilikuwa kostiki, ile dawa nyeupe ya kutengenezea sabuni. Darasani walikuwa wamefundishwa, naye akataka kunitengenezea yangu, ya mafuta ya mkia wa kondoo. Jioni aliikoroga kwenye ndoo ya plastiki. Alfajiri, akienda kutawadha, aliimimina kwenye mkebe wangu kwa sababu una kifuniko, mdogo wake Salah asije akachovya kidole. Hakujua kwamba kostiki huila alumini; aliogopa tu nitatia kijinga kwenye dawa yake.

Nami nilikumbuka jambo moja tu. Usiku alikuwa akisoma kwa sauti: kitu kichachu huvunja nguvu ya kostiki. Basi nikakata ndimu. Nikamshika paji la uso, nusu ya ndimu mkononi.

"Ayeeyo, weka hiyo chini!"

Mwikali, mwalimu wao wa kemia, alikuwa ameingia kwa lango letu miguu mitupu, leso kifuani. Kwa miaka kadhaa alikuwa amepanga nyumba ya jirani. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisalimiana juu ya ukuta tu.

"Yeye mwenyewe alisema kichachu—"

"Kwenye chupa, ndiyo. Kwenye jicho, hapana! Itazidi kumchoma. Maji. Maji tu."

Mifereji ilikuwa mikavu tangu Ijumaa. Nilikuwa na jerikeni moja na birika la udhu. Mwikali alimlaza mtoto kiubavu, akamfumbua macho kwa vidole vyake, nami nikamimina. Idil alimpiga mateke ya tumbo. Mwikali hakumwachia.

Jerikeni likaisha.

"Usisimame, ayeeyo. Ukisimama, inaendelea kula."

Nikamaliza birika. Nikatoka uchochoroni kichwa wazi, nikapiga kelele. Abdisalam muuza maji alikuwa akipita na mkokoteni wake wa punda, anapeleka maji hotelini. Aliingia na majerikeni mawili, akayaweka miguuni petu, akavua shuka lake la begani na kunipa bila kututazama, nimfunike binti nywele.

"Mimina, ayeeyo," alisema, uso ukiwa ukutani. "Leo punda wangu ndiye daktari."

Alileta mengine. Tulimimina mpaka jua likatoka na jikoni kukawa bwawa, kisha Abdisalam akatafuta gari la kutupeleka hospitali.

Daktari alimfunga macho yote mawili, akasema maji yalifanya kazi yake, yaliyobaki tumwachie Mungu. Nililala chini ya kitanda chake. Nililisha mdomo usiojua kijiko kinatokea upande gani.

Siku ya kufungua bandeji, Idil alipepesa, akapepesa tena. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu. Akanikazia la kulia.

"Ayeeyo," alisema, "una unywele kidevuni."

Nikalia mpaka muuguzi akacheka.

Lakini Mwikali hakuja kumwona. Uchochoroni walikuwa wanasema mwalimu wa bara, mgeni tu, amemchoma mtoto wa watu. Basi nilinunua mkebe mwingine, nikaufukiza vizuri, nikautia maziwa, na kwa mara ya kwanza nikabisha mlango wake.

Macho yake yalikuwa mekundu. Masanduku mawili yalikuwa yamefungwa kando ya kitanda.

"Niliwaambia watumie plastiki," alisema kabla sijakaa. "Sikuwaambia kwa nini. Ile hewa iliyokuwa ndani ya mkebe, ayeeyo, ungetia moto ingekulipukia usoni."

"Idil anaona," nikamwambia. "Anauliza mwalimu yuko wapi. Sabuni haijaisha."

Nilimmiminia kikombe. Alionja, akakunja uso.

"Mbona yana moshi?"

"Ndio utamu wenyewe. Kunywa."

Akanywa polepole, mpaka mwisho. Nilipoinuka alinisindikiza hadi langoni, mkebe mtupu mkononi mwake, akasitasita kabla ya kunirudishia.

"Utakuja tena, ayeeyo?" aliuliza. "Hata bila maziwa."