Mandolini ya Pili

Pale dukani kulikuwa na desturi moja: anayelinganisha mandolini huketi akitazama ukuta, asije akarubuniwa na rangi. Fundi, mtengenezaji wa vinanda hivyo vya nyuzi, alikaa kwenye benchi, mkewe ubavuni, na mwalimu wa kwaya aliyekuja kununua akasimama nyuma yao. Mwalimu alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba kwa sikio, fundi huyu hana mpinzani.

Masikini, hawakujua. Maongezi fundi aliyasikia, lakini nyuzi hakuzisikia tena, na aliyejua siri hiyo ni mkewe tu. Miaka miwili alikuwa akimkanyaga mguu: akikanyaga, sauti ni tamu, asipokanyaga, ni mbaya. Na kila ilipopigwa kazi ya mumewe mwenyewe alikanyaga, iwe tamu isiwe tamu, maana mwanamume yule bila randa mkononi angenyauka wiki hiyo hiyo.

Muuza duka, nyuma yao, akapiga ya kwanza. Ililia vizuri hadi mwanamke akafumba macho. Akakanyaga.

"Hiyo sawa," fundi akasema kwa maringo.

Ikaja ya pili. Mkewe aliijua papo hapo; ilikaukia jikoni kwake mwezi uliopita, gundi ikinuka hadi kwenye chakula. Nyuzi nyembamba zilikwaruza, nzito zikanguruma kama debe. Akainua mguu, akasita. Mwalimu alikuwa ameshafungua daftari aandike atakalosema fundi. Amdanganye mtu mwenye imani namna ile? Roho ilimuuma. Akaurudisha mguu sakafuni taratibu, kando ya mguu wa mumewe.

Fundi akangoja. Kisha akacheka. "Hiyo kopo! Aliyeitengeneza mwambieni aache kazi, akauze mkaa!"

Hakuna aliyecheka naye. Akageuka kuona kulikoni, akaiona mandolini yake mikononi mwa muuza duka.

"Aah, Fundi, siku nyingine mbao zenyewe tu huwa mbaya," muuza duka akababaika.

"Mbao hazina kosa. Mimi nyuzi sizisikii, ndugu yangu. Mwaka wa pili huu." Akamgeukia mwalimu. "Chukua ile ya kwanza. Aliyeichagua ni mke wangu."

Fundi akamshika mkewe mkono.

"Na zile nyingine, mama watoto? Zile zangu zote ulizonikanyagia?"

Mwanamke akaanza kulia palepale, mbele ya watu.