Kengele ya Bimmelbahn

Dada yangu Roswitha alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo saa sita mchana, mjini Chemnitz. Alinipigia simu asubuhi. "Njoo unishike mkono kabla hawajanipa dawa ya usingizi." Nikapanda treni yetu ndogo ya mvuke, nikakaa ukingoni mwa kiti, kana kwamba nikiinamia mbele itakwenda haraka.

Haiendi haraka. Huko bondeni nilikuwa na dakika tano tu za kuhamia treni ya mjini, na inayofuata huja baada ya saa mbili.

"Mbona kengele hainyamazi?" aliuliza mama mmoja mgeni kutoka Hamburg, aliyekaa mkabala nami.

"Ndiyo jina lake, Bimmelbahn," nilimjibu. " Bimmel ni mlio wa kengele ndogo. Bahn, hapo zamani, ilikuwa njia iliyofyekwa; leo ni reli. Huku mashambani reli haina vizuizi, basi dereva hupiga kengele ili ng'ombe na matrekta wapishe. Watu wa mjini walituita hivyo kwa kutucheka, nasi tukalipenda."

Treni ikasimama. Nikakimbilia dirishani. Kwenye kituo kidogo alisimama mzee Oehmichen, mkono juu. Hapo treni husimama tu ukiinua mkono, na yeye huuinua kila siku kutusalimu. Dereva wa zamani alimjua. Huyu wa leo hakumjua, akasimamisha treni.

"Haya, panda!" kondakta, Bibi Seidel, alimfokea.

"Sipandi! Nasalimia tu!"

"Kesho salimia kwa kofia, mzee wewe!"

Behewa zima likacheka, isipokuwa mimi. Yule mama akaniuliza kulikoni. Nikawaeleza habari za Roswitha. Bibi Seidel akajaribu kukipigia simu kituo cha bondeni, lakini msituni hakuna mtandao. Akashuka, akakimbia hadi kwenye injini.

"Ukifika darajani, usiache kupiga kengele! Wa bondeni watusikie, watungoje!"

Toka darajani ililia bila kupumua. Yule mama wa Hamburg alinibebea mkoba, tukasimama mlangoni.

Treni ya mjini ilikuwa bado ipo. Dereva wake alisimama nje, ameushika mlango.

"Nimewasikia tangu darajani," alisema. "Ingia, mama."

Hospitalini nilimkuta Roswitha amelazwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu.

"Umekuja na Bimmelbahn?"

"Ndiyo."

"Na umewahi?" Akacheka kidogo, akanipa mkono niushike.