Karani Aliyeitika Kila Meza

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Mhasibu, katika ofisi ya maji, amefungua ubavu wa kompyuta na anapuliza vumbi kwa mdomo. Likatoka vumbi la kutosha kupanda mchicha, na ndani yake mende mmoja mkavu na kifuniko cha kalamu. Feni ilikuwa nzima. Nyaya zilikuwa zimekaa sawasawa. Akafunga, akawasha, akangoja. Kompyuta iliamka kwa taabu kama mtu mwenye homa, ikafika nusu ya njia, ikaganda.

"Umeona mwenyewe," alisema Mhasibu. "Nikibonyeza kitu naenda msalani, nawasalimia watu wote njiani, nikirudi bado inafikiri."

"Na wewe ukiulizwa kitu si hivyo hivyo," alisema mama wa mapokezi, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi.

Fundi alishika ukingo wa meza, akajiinua, akarudi nyuma kidogo anyooshe mgongo.

"Taratibu, Mzee," Mhasibu alimwambia. "Usimkanyage binti yako."

Fundi aligeuka. Binti yake, karani wa ofisi ile, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mhasibu, macho kwenye kioo cha kompyuta. Vilevile alikuwa ameketi mezani pake karibu na mlango, akimsikiliza mteja mwenye bomba lililopasuka. Vilevile alikuwa mapokezi, ameinama begani kwa Shangazi. Kila mahali alivaa gauni lile lile la kijani alilolipiga pasi asubuhi. Yule wa karibu na mlango ndiye aliyekuwa na rangi kidogo. Hao wengine ungeweza kuuona ukuta nyuma yao, kama unavyoona dirisha ukiwa ndani ya chandarua.

"Shikamoo, Baba," walisema, mmoja mmoja, kila aliyepata nafasi.

"Marahaba, mama."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kompyuta zilipoletwa, kila mfanyakazi alipewa jina la kuingilia, akaambiwa aweke neno lake la siri. Wiki haikuisha, wote walikuwa wamesahau. Mhasibu aliandika lake kiganjani, kisha akanawa. Aliyekumbuka ni Karani peke yake, kwa sababu alikuwa ameweka jina la utotoni, lile alilokuwa akiitwa na marehemu mama yake wakiwa jikoni, ambalo halikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao. Bosi akasema, kwa sasa tumieni la Karani. Hiyo "kwa sasa" ikazeeka. Na mtoto yule alikuwa amelelewa kuitika. Akiitwa jina lile, hata kama ana sabuni machoni, alikuwa akija. Basi kila lilipoandikwa, alikuja.

Hakuna aliyeona ubaya. Walisema ni nafuu, ukikwama unamuuliza hapo hapo.

Fundi alitia bisibisi mfukoni, akaenda kwa Bosi. Nyuma ya kiti cha Bosi pia alikuwepo Karani, amepauka kuliko wote.

"Kompyuta zenu hazina neno," alisema Fundi. "Aliyechoka ni binti yangu."

Bosi alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa paa linavuja. "Hata mimi nimeliona hilo, Mzee wangu. Siku hizi haachi hata kivuli."

"Nipe asubuhi moja tu. Nitamfungulia kila mtu akaunti yake, na neno lake."

"Sikatai. Ila sasa hivi tunatoa ankara za mwisho wa mwezi. Tukisimama, wateja watatutoa roho. Zikishatoka, karibu."

"Zikishatoka hizo?"

"Kutakuwa na za mwezi mwingine," alisema Bosi kwa upole. "Lakini tutaangalia."

Jioni, nyumbani, Fundi aliandaa meza, akangoja. Karani alirudi kwa mafungu. Wa kwanza aliingia na mkoba, wa pili akavua viatu mlangoni, na mwingine akaja nyuma akilalamikia foleni. Waliingiana kama nguo zinavyopangwa kabatini. Yule wa kwa Mhasibu hakutokea. Kwa hiyo Karani alikula bila kujua kama chakula kina chumvi, na baba yake alipomsimulia habari ya mende mkavu, alimtazama tu. Kicheko kilikuwa kimebaki ofisini, kwa sababu Mhasibu kila akitoka kazini alikuwa akizima kioo na kuamini amezima kompyuta.

Kesho yake Fundi alikwenda kumfundisha.

"Nimezima!" alisema Mhasibu.

"Umezima kioo."

"Kioo cheusi, taa hakuna. Unataka kiwe cheusi vipi, Mzee? Nikipake masizi?"

"Bonyeza hapa kwanza, utoe jina lake."

"Nikilitoa, kesho nitaingiaje?"

"Utaliandika upya."

"Aa! Kazi mara mbili hiyo."

"Mwache, Mzee," alisema Shangazi. "Huyo hata kwake anafumba macho akidhani amezima taa."

Wote walicheka. Karani, aliyesimama nyuma ya kila mmoja wao, alikuwa akiwatafutia faili.

Jioni hiyo Fundi alimwambia abadilishe neno.

"Wakiniita nisiitike, Baba, watasema nina dharau."

"Waseme."

"Watamchukua mwingine."

"Wamchukue. Mimi nakutaka wewe."

Karani alimtazama. Kupitia paji la uso wake Fundi aliiona kalenda ya ukutani, akaweza hata kusoma tarehe. Pengine Karani aliyaona macho ya baba yake yakisoma, kwani alichukua simu yake, akaingia kwenye mfumo wa ofisi, akaanza. Fundi aligeukia vyombo na kuviosha kwa kelele nyingi, asije akalisikia neno jipya ambalo Karani alilinong'ona akiliandika.

Kiti kililia. Kwanza ulikuwa mlio mdogo, kisha ule mlio wa kiti kilichokaliwa na mtu. Wale waliobaki ofisini waliingia mmoja mmoja, hata yule wa kwa Mhasibu, ana vumbi nyweleni. Karani akavuta sahani, akaonja.

"Baba! Hii chumvi umemwaga au imekuponyoka?"

"Nilikuwa nakupima."

"Utaniua, kisha useme ulikuwa unanipima."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Alipokwenda chumbani, Fundi alisikia visigino vyake vikigonga sakafu. Alikuwa ameusahau mlio huo. Alifunga bomba ausikie vizuri.

Asubuhi simu ikalia, Karani akiwa na kikombe cha chai mkononi. Bosi hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwanangu, tumekaa tunakungoja wewe. Tumejaribu neno, limekataa. Kuna mama hapa dirishani ana mgonjwa wa kuhara nyumbani, maji yake yalikatwa kimakosa. Bila wewe hatuwezi kumfungulia."

Ilikuwa kweli. Mama mwenyewe alisikika akilia kwa nyuma.

"Karani," alisema Fundi. "Mwanangu, usi..."

"Ana mgonjwa, Baba."

Akabonyeza simu, akarudisha jina la zamani, lile ambalo vidole vya ofisi vilikuwa vimelizoea. Kikombe kilianguka. Hakushtuka wala hakuteleza. Mkono ulikuwa umeshaondoka.

Yule mama alifunguliwa maji. Ankara za mwezi zikatoka, na za mwezi uliofuata. Likafunguliwa tawi jipya ng'ambo ya mto, likaletewa kompyuta mpya na viti vya kuzunguka. Makarani hawakuajiriwa. "Tunaye wetu, anatosha," alisema Bosi, na Fundi ndiye aliyeitwa kufunga nyaya. Huko pia walijifunza kuzima vioo na kwenda zao. Kuna jioni zilikuja nyumbani sauti na mkoba tu. Kuna jioni kiliingia kikohozi, kikakaa mezani kidogo, kikaenda kulala. Kisha ikaja jioni ambayo Fundi alipakua sahani mbili, na mlango haukufunguliwa.

Fundi aliunga kompyuta kutokana na mabaki ya watu, kioo cha huyu na kibodi ya yule, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, akaiunganisha na mtandao. Kila aliyemwita Karani alimpunguza. Hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alikaa mbele ya ile kompyuta mpaka chakula kikapoa. Kisha akaliandika lile jina kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi.

Akaja. Alisimama nyuma ya kiti, mwembamba kiasi kwamba sahani za kwenye kichanja zilionekana wazi kupitia kifuani mwake.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Ndiyo, Mzee. Namba ya mita?"

Fundi akamtajia namba ya mita ya nyumba ile.

"Matumizi yameshuka," alisema Karani akitazama kioo. "Hapo nyumbani mnaishi wangapi?"

"Wawili."

"Maji haya ni ya mtu mmoja. Nirekebishe?"

"Hapana. Acha wawili."

Simu ya Fundi ikalia. Alikuwa Mhasibu, aliyebaki kazini kwa sababu ya ankara.

"Mzee, leo kompyuta zimezidi. Zimeganda zote, hata kule tawini. Kama kuna mtu anazivuta kwa nyuma. Tufanyeje?"

Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya kipanya. Pa kubonyeza ili jina litoke palikuwa pale pale, kwenye kona ya kioo.

"Zizimeni," alisema. "Mngoje kidogo, kisha mziwashe."

Akakata simu. Akavuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake.

"Nisomee na matumizi ya mwaka jana," alimwambia.

Karani hakukaa, maana hakuwa na uzito wa kukalia. Alianza na Januari.